Vigae vya Chumba cha Tatu

Jumatatu, Machi 3

Dada yangu mpenzi, assalamu alaikum warahmatullah. Hujambo wewe, na goti lako linasemaje? Je, unatumia zile dawa au umeziweka kabatini zikae kama mapambo? Mimi ni mzima, alhamdulillah. Kiuno tu ndicho kinachonikumbusha umri.

Uliniambia kwenye simu tunaongea kama watu wanaokimbizwa, niandike kidogo kidogo halafu nikutumie mvua zikiisha. Basi nimeanza leo. Mwandiko utauvumilia. Mimi na kalamu tuliachana darasa la saba, na hatukuachana vizuri.

Kubwa ni kwamba Kitinda amerudi nyumbani. Kaja na begi moja la nguo na mawili ya vipimo na nyaya, atakaa nasi msimu mzima wa mvua. Nimeondoa cherehani yangu kwenye chumba kidogo, nimemtandikia. Nilipomwona amelala na miguu imetokeza nje ya shuka kama zamani, nilirudi jikoni nikamshukuru Mungu kwa sauti.

Alhamisi, Machi 6

Mvua. Nguo hazikauki.

Jumamosi, Machi 8

Majirani wananiuliza Kitinda anasoma nini, nami najibu "mambo ya viwanda" kama mtu anayeficha kitu. Leo nimemweka chini anieleze.

"Mama, ni uzamivu wa uhandisi, ila si wa kukaa maktaba. Kiwanda kinatoa tatizo lake, chuo kinatoa profesa, mimi nakaa katikati."

"Katikati umekalia nini?"

"Msumari," akasema, tukacheka mpaka chai ikamwagika.

Nilivyoelewa ni hivi. Kiwanda cha vigae anachofanyia kazi shemeji yako tangu tulipooana kinasumbuka kila mvua. Vigae vibichi vikikaushwa hewa ikiwa na unyevu, ngozi ya juu hukauka haraka na ndani hubaki mbichi, basi hupasuka. Kitinda anasema vianze kwa mvuke wa moto, vipate joto hadi ndani, ndipo unyevu utolewe polepole. Wamempa chumba cha tatu afanye kwa njia yake, vyumba vingine vinakwenda na njia ya zamani. Kila asubuhi anatazama vilivyopasuka, anaandika vimepasukia wapi, anarekebisha mvuke. Profesa ametaka msimu mmoja kamili, bila kuruka.

Shemeji yako ndiye kiongozi wa zamu ya usiku kwenye vyumba hivyo vya kukaushia. Ndiye pia aliyemwendea meneja mara tatu kumwomba amkubali mwanawe. Meneja huyo wafanyakazi wanamwita Leo-Leo, maana kila kitu anakitaka leo. Kitinda naye wameshampa jina: Binti Daktari. Mama Toroli, yule anayesukuma mikokoteni ya vigae, alimsimamisha getini akamwambia, "Binti Daktari, kiuno changu kina ufa, hebu niingize nami chumba cha tatu." Wanampenda. Wanamwona ni wao.

Jumatano, Machi 12

Siku mbaya. Vigae vya kwanza vya chumba cha tatu vimetoka vimepasuka vibaya kuliko vya vyumba vingine. Leo-Leo kapita na wageni wake, kaokota kipande, kasema mbele ya watu wote, "Hii ndiyo elimu ya juu? Mwisho wa mwezi ikiwa hivi nafunga chumba, narudishiwa nafasi yangu."

Kitinda alinisimulia huku anamenya viazi, akicheka. Baadaye nilimkuta uani ananawa mikono iliyokwisha takata, na machozi yanamtoka. Shemeji yako alikuwa amesimama dirishani kabla hajaenda zamu. Alichukua koti lake akatoka mapema kuliko kawaida yake.

Jumapili, Machi 16

Vigae vimeanza kutoka vizuri! Kitinda kala sahani mbili.

Alhamisi, Machi 20

Mvua kubwa. Chumba cha tatu kizuri tena.

Jumamosi, Machi 22

Kizuri tena. Nimefunga siku moja kwa shukrani.

Alhamisi, Machi 27

Profesa amekuja. Mwanamke, Dada! Sijui kwa nini nilitarajia mzee mwenye ndevu. Mfupi, ana viatu vya matope kama sisi, kanywa chai yangu na kuniita "Mama" ijapokuwa tunalingana. Wametoka kiwandani wakiwa wamelowa, wakaketi sebuleni na kompyuta katikati.

Nilidhani atampongeza. Alitazama muda mrefu, akasema, "Safi mno."

"Ni nzuri au ni mbaya?" Kitinda akamwuliza.

"Sijui bado. Mwanzo ulikuwa na kipimo kibovu, ukabadilisha kidogo tu, mara moja matokeo yakanyooka. Mvua imezidi, joto limeshuka, mstari wako umenyooka tu. Udongo hauna adabu namna hiyo. Endelea. Ila usipende matokeo yako kabla hayajakuudhi."

Alipoondoka nilimwambia Kitinda huyu mama ana roho ngumu. Alikaa akitafuna kifuniko cha kalamu.

Jumatano, Aprili 2

Shemeji yako anarudi asubuhi akiwa hoi. Zamani zamu ikikaribia kwisha alikuwa anaketi na wenzake wakipiga soga, siku hizi anaingia mlangoni ameshika kiuno, mikono imechubuka, vumbi hadi kwenye kope. Nikamwambia, "Baba Kitinda, unabeba nini wewe, si una vijana?" Akasema, "Kazi ni kazi." Nimemkanda mgongo kwa maji ya moto. Nilijiambia huyu anajitahidi ili mtoto wake asiaibike, na moyo wangu ukajaa. Dada, nilimpenda upya, kama msichana.

Jumatano, Aprili 9

Leo-Leo ameamua vyumba vyote viende kwa njia ya Kitinda. Kapata oda ya kuezeka shule ya bweni nzima, mabweni na madarasa, na anataka vigae kabla mvua haijaisha.

Kitinda alikataa. Alisimama ofisini kwa Leo-Leo akamwambia: "Bado hatujafika nusu ya msimu. Sijui kwa nini inafanya kazi. Nikiwa sijui kwa nini, sijui itaacha lini."

"Inafanya kazi au haifanyi?"

"Inafanya."

"Basi. Kujua kwa nini ni shida ya chuo. Mimi nauza vigae."

Jioni nilipika vizuri, maana kwangu ilikuwa furaha. Kiwanda kizima kinamfuata mwanangu! Shemeji yako aligusa chakula akakiacha. Nikamkaripia: mtoto amepata heshima, wewe umenuna kama umefiwa. Kaenda kusali, na kasujudu muda mrefu hata nikachungulia kama yu mzima.

Jumatatu, Aprili 14

Vyumba vyote vimewashwa. Mvua haikatiki.

Alhamisi, Aprili 17

Vimepasuka. Vyumba vyote. Kitinda hakurudi kula.

Jumamosi, Aprili 19

Dada, kaa vizuri ndipo usome hapa. Nami nimeacha kuandika mara mbili, nikarudi.

Tangu Alhamisi Kitinda alikuwa hali wala halali. Vyumba vyote vinatoa vigae vilivyopasuka katikati, mstari mmoja kama umechorwa, na chumba cha tatu kile kile kilichokuwa kizuri nacho kimeharibika kama vingine. Alibadilisha vipimo, akaangalia nyaya, akafikiri mashine ya mvuke imeharibika. Leo, badala ya kungoja saa yake, alitoka nyumbani mara tu baada ya sala ya alfajiri, akaingia vyumba vya kukaushia kabla zamu hazijabadilishana.

Akamkuta baba yake ndani ya chumba cha tatu. Anatoa vigae vilivyopasuka kwenye rafu, anavipakia kwenye toroli. Mama Toroli ameshika mpini. Wengine wawili wanasogeza vilivyo vizima vijaze mapengo.

Mama Toroli ndiye aliyekuja kunieleza, amejifunika khanga kichwani kama mtu wa msibani. Anasema hakuna aliyepiga kelele. Kitinda aliuliza tu, "Tangu lini?" Baba yake akasema, "Mwanangu, twende nyumbani." Akauliza tena, "Tangu lini?" Mama Toroli akashindwa kunyamaza, akasema, "Tangu siku ile Leo-Leo alipokucheka."

Walirudi mmoja mmoja. Kitinda mbele, amelowa, akaketi kwenye kiti cha jikoni bila kuvua buti. Shemeji yako akaingia nyuma yake, akasimama mlangoni kama mgeni.

"Keti, Baba," Kitinda akasema.

"Nitasimama."

"Ulikuwa unavipeleka wapi?"

"Kwenye rundo la vibovu vya vyumba vingine. Tangu vyote vifuate njia yako, vibovu vimetushinda wingi."

Nilishika meza. Mimi mjinga nilielewa pale pale: siyo tu kwamba chake kilionekana kizuri, vyumba vya njia ya zamani navyo vilionekana vibaya kupita vilivyokuwa.

"Sikiliza," shemeji yako akasema, na sauti yake sikuitambua. "Sisi mle ndani, mtu akija mgeni, tunamfunika. Mwezi wa kwanza mkono bado mzito, anavunja, anapasua. Wakubwa wanavitoa vibovu vyake kabla msimamizi hajapita, mpaka mkono wake uzoee. Mimi walinifunika. Yule Mama Toroli nilimfunika mimi. Hakuna aliyewahi kufukuzwa kwetu mwezi wa kwanza. Ukaja wewe, wakakucheka. Tungekuacha vipi?"

"Lakini mimi sikuja kuzoesha mkono, Baba."

"Nilidhani siku mbili tatu. Nikasema ukishika kazi, tutaacha."

"Ningeishikaje?" Hapo ndipo alipolia, Dada, na alilia bila kuficha uso. "Zile nyufa ndizo nilizokuja kusoma. Ufa ulikuwa unaniambia punguza hapa, ongeza pale. Kila asubuhi mlikuwa mnanifutia ubao kabla sijafika. Nikawa natazama vigae vizima, nasema kumbe nimeweza, nisibadilishe kitu. Nimepoteza mvua yote nikitazama kitu ambacho hakikuwapo."

"Ulikuwa unafurahi," baba yake akasema. "Ulikuwa unakula."

Nilikwenda nikamvua mwanangu buti, maana sikujua nifanye nini kingine.

Jumapili, Aprili 20

Nimemwomba Kitinda, Mungu anisamehe, nimemwomba aseme hajui. Aseme mtambo umeharibika, aseme unyevu. Baba yake amebakiza kidogo astaafu na heshima yake.

"Mama, profesa anajua tayari kuna kitu. Na nikisema kuna mkono wa mtu ila sijui wa nani, Leo-Leo atawaweka zamu nzima kwenye mstari. Nikinyamaza kabisa, ataendelea kukausha vigae vya shule kwa vipimo nilivyompa mimi, na vingine vinatoka na nyufa zisizoonekana kwa macho. Watoto watalala chini yake."

"Na baba yako?"

"Usinichagulishe, Mama."

Nilimkasirikia. Naandika ukweli, nilimkasirikia mwanangu kwa kuwa na haki. Tulipokwisha kusema, tukaona mlango wa chumbani uko wazi. Shemeji yako alikuwa kitandani ametukodolea macho, amesikia yote.

Jumatatu, Aprili 21

Alituwahi wote. Kitinda alipofika ofisini kwa Leo-Leo akamkuta baba yake ameshatoka. Alikwenda peke yake akasema, "Ni mimi. Niliamuru, wengine walitii. Na binti yangu hakujua." Aliniambia kwamba tangu ile siku ya kuwasha vyumba vyote alifika kwenye mlango ule mara mbili akarudi. Nikamwuliza kilichomrudisha. Akasema, "Nilimwona mwanangu kupitia kioo, anaandika kwenye ubao wao, na wanaume wazima wamemsikiliza."

Wamemwondoa. Hawakumpa hata nafasi ya kuaga zamu. Amerudi na kikombe chake cha chai mfukoni mwa koti.

Alhamisi, Aprili 24

Mvua. Sokoni mwanamke kanitazama akamwambia mwenzake, nikiwa nasikia, "Ndiyo faida ya kusomesha, anakuja kumchongea baba yake." Nilitaka kumjibu. Nikanunua vitunguu nikaondoka.

Nyumbani baba na mwana wanapishana. Mmoja akiingia sebuleni, mwingine anakumbuka ana kazi uani. Salamu zipo. "Shikamoo, Baba." "Marahaba." Basi, inaishia hapo.

Jumanne, Aprili 29

Profesa kaja tena. Leo-Leo amevunja mkataba, oda ya shule imekwenda kwingine. Kitinda aliomba msimu mwingine mmoja hata kwa chumba kidogo, akajibiwa kiwanda si shule ya chekechea. Na shahada ya namna hii, Dada, bila kiwanda haipo. Profesa alisema atatafuta kiwanda kingine. Lakini kumwambia mwenye kiwanda yaliyotokea ni lazima, na akishasikia, nani atamfungulia mlango mwanafunzi aliyeharibiwa vipimo na watu wa nyumbani kwake? Vipimo vya msimu huu vyote ni vya kutupa.

"Njia yenyewe ilikuwa sahihi?" nilimwuliza nikimsindikiza, mwavuli mmoja tukigawana.

"Huenda. Mimi niliiamini. Lakini hivi sasa hakuna anayejua, Mama, hata yeye."

Hilo ndilo linaloniuma zaidi. Afadhali angekosea, tungemfariji kwa kosa lake.

Jumapili, Mei 4

Mama Toroli na wenzake wawili wamekuja kumwomba msamaha Kitinda. Walijipanga kwenye kochi wamevaa nguo za sikukuu.

"Binti Daktari, tulikuona mdogo wetu."

"Najua, Mama."

"Tupige basi. Tutukane kidogo, tupumue."

Kitinda akatabasamu, akawaletea chai. Kisha akawauliza, kwa upole, kama wanakumbuka vigae vilikuwa vikipasukia wapi zile siku za mwanzo. Wakatazamana. Hakuna aliyekumbuka. Walikuwa wakivitoa haraka haraka, hawakuvitazama. Alisema, "Haidhuru," akaendelea kumimina.

Ijumaa, Mei 9

Ameondoka leo kurudi chuo, huko kwenu. Nilitaka asafiri kesho, akakataa. Shemeji yako alikuwa ametoka mapema kwenda msikitini, mapema mno kwa swala ya Ijumaa, nikajua amekimbia. Kitinda alisimama sebuleni na mabegi yake matatu, akangoja. Dereva akapiga honi mara mbili. Akaniambia, "Mwambie nimemuaga," akapanda.

Baba yake alirudi kabla vumbi la gari halijatulia. Nadhani alikuwa amesimama pembeni ya barabara. Aliingia chumba kidogo, akaketi kwenye kitanda kilichokwisha kutandikwa.

"Alisema nini?"

"Kasema amekuaga."

"Kwa hasira?"

Nikamwambia sijui. Nami nilichoka, Dada, nikamwambia kwamba kama alitaka kujua angekaa. Nilipoona uso wake nilitamani niyameze maneno hayo. Nimerudisha cherehani mahali pake na sijashona kitu.

Jumatano, Mei 14

Simu yake inaita haipokelewi. Juzi alituma ujumbe: "Niko salama, Mama. Niache kidogo." Nimeacha kidogo. Kidogo ni kiasi gani, sijui.

Jumamosi, Mei 17

Leo ni siku ya nne bila mvua, na nguo zimekauka hadi mikunjo. Nilikuahidi nitatuma mvua zikiisha, basi Jumatatu natia posta.

Shemeji yako hali yake si nzuri. Si mgonjwa. Anaamka saa ile ile ya kutoka zamu, anakaa kizingitini. Msimu huu nimemchukia siku kadhaa na kumhurumia siku kadhaa, na leo nimechoka vyote viwili, nimebaki kumpikia uji. Jana usiku, taa ikiwa imezimwa, alisema, "Mke wangu, mimi nikienda chuoni kwao, nikasimama mbele ya hao maprofesa wake, nikasema kwa mdomo wangu kwamba vipimo vyake vilikuwa vya kweli, sisi ndio tuliokuwa waongo, itamsaidia akitafutiwa kiwanda kingine?" Nikasema sijui. Akasema, "Au nitamwaibisha mara ya pili?" Akageukia ukuta, akasema kwamba safari hii hafanyi lolote kwa ajili yake kabla hajamwuliza.

Kwa hiyo, Dada, nakuomba. Wewe ni mama yake mkubwa, huwezi kukaa karibu naye usijue anakula nini. Nenda ukamwone hapo hosteli, hata kwa goti hilo, chukua gari. Usimhutubie. Mtazame kama amekonda. Kisha mwulize, kwa maneno haya haya, usiyapambe: baba yako anauliza kama anaruhusiwa kuja. Akisema ndiyo, niandikie. Akisema hapana, niandikie pia, nitajua namna ya kumwambia. Akinyamaza, nieleze alivyonyamaza.

Nisalimie wajukuu. Naomba unijibu mapema, Dada. Shemeji yako ameshaniuliza mara mbili barua huchukua siku ngapi, na mimi bado sijaifunga bahasha.

Ni mimi, mdogo wako.